Afande wa Jikoni

Mimi ni mpishi. Nalisema mapema ili usije ukanitafutia cheo kingine, maana katika habari hii yuko kijana aliyemtafutia mpishi cheo, na utaona kilichompata.

Nimepika miaka kumi na moja katika Akademi ya Simba wa Himalaya, hapa Dehradun, kwenye kichochoro cha nyuma ya kiwanda cha biskuti. Ni nyumba ya ghorofa tatu ambako vijana waliomaliza shule hulazwa, hulishwa na kunolewa kwa ajili ya kuingia chuo cha maafisa wa jeshi. Huwa wako arobaini, wakati mwingine na mmoja juu, na kila mmoja anakula chapati saba asubuhi huku akilalamika kuwa zimepoa.

Mwenye akademi tunamwita Kanali Sabharwal. Nilipoanza kazi, kibao cha mlangoni kilisema Kapteni. Jua likakipausha, kikapakwa rangi upya, akawa Meja. Mvua za mwaka ule mbaya zikakiangusha, kikachorwa kingine, akawa Kanali. Jeshini alikaa miaka mitano tu, kwenye stoo, akigawa mablanketi na soksi. Sisi wa jikoni tunaomba kibao kisipasuke tena, tutashindwa kumwita Jenerali bila kucheka.

Sasa nikueleze kuhusu Trepan.

Trepan Singh Kaintura aliletwa na baba yake kutoka Pauri, milimani, akiwa na miaka kumi na saba na nusu, mwembamba, masikio yamemtoka, amebeba sanduku la bati lenye jina la baba ubavuni. Baba mtu, Subedar Jagmohan Kaintura, ni mwanajeshi mstaafu, mmoja wa wale askari waliopanda vyeo mpaka vikaishia mlangoni kwa maafisa. Alikuja mpaka jikoni kunikagua. Akafunua sufuria zangu moja moja, akanusa dengu, akaridhika.

"Dada," akaniambia, "miaka ishirini na minane nimepiga saluti. Nimewapigia watoto ambao buti zangu ziliwazidi umri. Kitoto kinashuka kwenye gari, ndevu hakina, mimi na mvi zangu nasimama wima, 'Jai Hind, afande!' Basi nataka kabla sijafa nimpigie saluti mmoja niliyemzaa mwenyewe. Ndilo ninalotaka hilo, sina jingine."

"Na yeye mtoto anataka nini?" nikauliza.

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza sanduku la bati linataka nini.

Koti lake la medali alikuwa ameshalipeleka kwa dobi, likatundikwa ukutani kule Pauri ndani ya nailoni, likisubiri siku ya gwaride. Na kila alfajiri simu ya Trepan ililia pale bwenini mpaka nikaisikia jikoni.

"Ripoti!"

"Nimeamka, baba."

"Umeamka au umeamshwa?"

"Nime... nimeamshwa na simu yako, baba."

"Afisa haamshwi! Push-up ishirini!"

Na kijana akazipiga, simu ikiwa sakafuni ili mzee asikie pumzi. Wenzake wakawa wanamhesabia kwa kejeli, wakifika kumi na tatu wanarudi tisa.

Mtihani wa kuandika huja mara mbili kwa mwaka, hesabu na maarifa ya jumla, laki kadhaa za watoto wa nchi nzima wanaufukuzia. Ukiushinda unaitwa kwenye usaili wa siku tano, na huko ndiko wanakochinjwa wengi. Ukishafika miaka kumi na tisa na nusu, basi, mlango umefungwa, hata ukiwa na akili za kuchemsha mawe. Trepan alifeli mtihani wa kwanza. Akafeli wa pili. Wa tatu aliukosa kwa alama nne, akala wali siku ile bila kujua anakula nini, nikamwongezea siagi, hakuiona. Ulibaki wa nne, na baada ya huo umri wake ungekuwa umepita. Hilo alilijua yeye, alilijua mzee, nililijua hata mimi ninayekata vitunguu.

Katikati ya yote hayo Kanali alikuwa akiwafundisha uafisa. Jamani, uafisa! Kila Jumamosi walikula chapati kwa uma na kisu. Umewahi kuona mtu anakata chapati ya moto kwa kisu butu? Inakimbia. Inaruka kwenye sahani ya jirani, naye anasema kwa Kiingereza, "Samahani sana, bwana," na wote wanakaa wamenyooka wakitafuna hewa. Wakishamaliza wanashuka jikoni kwa mlango wa nyuma, "Anti, tupe chapati za kula."

Lakini somo lililompa Kanali umaarufu mtaani ni lile la maafisa waliojificha. Nililisikia kwa masikio yangu, nilikuwa nimewapelekea chai darasani.

"Mkifika kwenye usaili," alisema, akipunguza sauti kana kwamba adui yuko kwenye kabati, "msidhani mnaopimwa nao ni wale wenye magwanda tu. Wale ni wa kuonekana! Anayefagia pale nani?"

"Mfagiaji, afande," akajibu mmoja.

"Mjinga! Huyo ni meja. Kinyozi je? Daktari wa akili. Na yule anayewamwagia dengu sahanini?" Akanyamaza ili watetemeke kidogo. "Huyo ndiye mkubwa wao wote. Anawatazama mnavyokula, mnavyoongea, mnavyowatendea wadogo. Alama zenyewe anazo yeye."

"Sasa tutamtambuaje, afande?" Huyo alikuwa Trepan, kalamu mkononi.

"Viatu! Afisa anaweza kuvaa nguo chafu, anaweza kuacha ndevu, anaweza kujipaka masizi. Viatu vichafu hawezi. Roho yake inakataa. Ukiona mfanyakazi mchafu mwenye viatu vinavyong'aa, simama wima moyoni mwako, umekutana na bosi."

Vichwa arobaini vikageuka kutazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa ndala, moja imefungwa kwa waya. Vichwa arobaini vikarudi ubaoni.

"Anti," Trepan akaniambia bila kunitazama, "leo sukari umeibania."

Usidhani alikuwa mtoto mbaya. Hakuwa. Ndiyo maana nakasirika mpaka leo. Angekuwa mbaya ningemcheka nikalala zangu.

Mtihani wa nne aliushinda. Matokeo yalipotoka aliruka ngazi tatu tatu mpaka akateguka kifundo. Subedar akashuka na basi la kwanza kutoka Pauri, amebeba maboksi mawili ya peremende za maziwa, akampachika mwanawe shada la maua ya njano mpaka shingo ikapotea. Na Kanali, ambaye kwa mitihani mitatu alikuwa akimwita "wewe wa Pauri", ghafla akamkumbatia kwa jina lake. Siku ile ile bango kubwa likatundikwa getini: picha ya Trepan, koti la bluu, tai, na maandishi AFISA WETU MTARAJIWA. Koti lilikuwa la Kanali. Vijana wanne waliomtangulia kutundikwa hapo getini nao walipigwa picha na koti lile lile, mmoja baada ya mwingine, na ukitazama vizuri doa la mchuzi liko pale pale kwa wote.

"Bado usaili," nikamwambia Kanali. "Mbona mmemtundika mapema?"

"Wewe pika," akanijibu.

Aliondoka na mwenzake mmoja, Navtej, Kalasinga wa Ludhiana, kijana mnene wa maneno mengi ambaye hakuna jambo analolichukulia kwa uzito isipokuwa achari ya maembe. Walipanda treni kwenda Bhopal kwenye kituo cha usaili. Yaliyotokea huko sehemu ya kwanza nimeipata kwa Navtej, naye akisimulia anaigiza, kwa hiyo punguza kidogo.

Siku ya kwanza walifika vijana mia mbili. Jioni wakabaki thelathini na mmoja, wengine wote wakarudishwa stesheni. Trepan na Navtej walikuwa miongoni mwa waliobaki, kila mmoja na namba yake ya kitambaa kifuani. Wakaingia kula.

Nyuma ya meza ya chakula alisimama mpishi: mzee wa masharubu, tumbo mbele, fulana yenye ramani ya mafuta, upawa mkononi. Trepan akainama kama anafunga kamba. Akainuka uso umebadilika.

"Nimempata," akamnong'oneza Navtej.

"Nani?"

"Afande wa jikoni. Tazama chini."

Navtej akatazama. Viatu vya mzee vilikuwa vyeusi, vinang'aa, unaweza kujinyolea humo.

"Huyu?" akasema Navtej. "Huyu sasa hivi nimemwona anakwangua sufuria kwa kucha!"

"Si ndiyo ujanja wenyewe! Afisa gani mwingine angefikiria mpaka kwenye kucha?"

Kuanzia hapo kijana wetu hakuwa na usaili mwingine. Wenzake wakipumzika, yeye yuko jikoni. Alimsalimia mzee kwa viganja viwili na kuinama mpaka kiunoni. Mzee, jina lake Chhotelal, alishangaa kwanza.

"Mwanangu, kwenu hupewi chakula?"

"Napewa, afande. Nimekuja kusaidia."

"Afande nani?"

Trepan akatabasamu tabasamu la mtu anayejua siri. "Sawa, afande. Kama unavyotaka wewe."

"Unataka kusaidia kweli?"

"Uongozi ni kutumikia, afande!" Alilisema kwa sauti, likapasua jiko zima.

"Haya, tumikia lile gunia."

Lilikuwa gunia la viazi. Akalimenya. Siku ya pili akamenya jingine, akasugua sufuria tatu, huku akizieleza sufuria maoni yake juu ya mipaka ya nchi na nidhamu ya vijana, akimtazama mzee kwa pembe ya jicho kuona kama anaandika. Siku ya tatu Chhotelal hakuwa na mashaka tena, alijua Mungu amemkumbuka. Akavuta kiti, akapandisha miguu juu ya debe, akawasha sigara, akawa anaelekeza kwa upawa: pale bado, hapa rudia.

"Anakunyonya, mjinga wewe!" Navtej akamwambia bwenini.

"Anapima uvumilivu. Leo amevuta sigara nne mbele yangu makusudi, nione kama nitakasirika. Sikukasirika."

"Na kesho kuna kazi za uwanjani, mapipa na mbao. Lala basi!"

"Wewe hangaika na mapipa yako. Alama zangu mimi ziko pengine."

Uwanjani kundi lilipewa mbao mbili, kamba na pipa, livuke nafasi iliyochorwa chokaa bila kugusa chini. Watu wakapiga kelele, wakabishana, wakaangukiana. Trepan alishika ncha ya kamba aliyopewa, vidole vimechanjwa na kisu cha viazi, macho mazito, kimya. Afisa mwenye daftari akapita mbele yake mara mbili. Kijana akamtazama kwa upole, kama mtu mwenye ndugu yake ndani.

Navtej hakuweza kuvumilia. Siku ya nne akaenda kumuuliza mzee mwenyewe.

"Mzee, samahani. Viatu vyako unavipaka nini, mbona vinang'aa hivyo?"

"Sipaki kitu," akasema Chhotelal. "Kutwa nakaanga puri, mafuta yananirukia. Vinajipaka vyenyewe."

Hilo jamani si wangeniuliza mimi! Siku za sikukuu, nikikaanga puri mia tatu, ndala zangu zinang'aa kuliko gari la waziri. Miaka kumi na moja kuna mtu humu ndani anajua mafuta yanarukia wapi, hakuna aliyefikiria kumuuliza.

Navtej akarudi mbio kumweleza Trepan. Trepan akasikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa huruma. "Amekwambia hivyo? Safi sana. Hata akibanwa hatoi siri."

Sasa siku ya tano. Hii sehemu sikuipata kwa Navtej, maana mle ndani mtu huingia peke yake. Nimeipata kwa Trepan mwenyewe, aliposimama hapo kwenye mlango wa jiko langu siku tatu baada ya kurudi.

Alirudi peke yake. Navtej alichaguliwa, yeye na wengine watatu katika thelathini na mmoja, wakabakizwa kwa vipimo vya hospitali. Trepan alishuka stesheni, akapita chini ya bango lenye uso wake, akapanda juu, akalala. Simu ya baba yake ililia alfajiri tatu bila kupokelewa. Kanali hakumsalimia, alikuwa na shughuli nyingi ghafla, nyingine akizifanyia chooni. Siku ya tatu kijana akashuka jikoni, akasimama.

"Anti."

"Chapati ziko kwenye kitambaa," nikasema. Nilikuwa nakaanga vitunguu, sikugeuka.

"Sitaki chapati. Nataka kukuuliza kitu, lakini nikueleze kwanza."

Akanieleza. Siku ya mwisho, wapimaji wote hukaa kwenye meza moja kubwa wamevaa magwanda kamili na medali, na kila kijana huitwa kwa dakika mbili tatu. Trepan aliingia akiwa na furaha. Akasalimu, akaketi, akaanza kutazama uso mmoja mmoja, akitafuta masharubu.

"Kijana," akasema mkuu wao, "unamtafuta mtu?"

"Hapana, afande. Ndiyo, afande."

"Nani?"

"Afande wa jikoni. Naona hajafika."

Mmoja akauliza afande wa jikoni ndiye nani, na Trepan, masikini, akadhani hata hilo ni jaribio la mwisho, akaeleza yote: viatu, gunia, sufuria, sigara. Kuna aliyeficha uso kwenye faili. Mwingine akatoka nje kukohoa, hakurudi. Hapo ndipo alipoelewa, akaniambia, na masikio yakaanza kuwaka.

Lakini palikuwa na mwanamke kati yao, daktari wa akili, huyo hakucheka. Akaweka kalamu chini.

"Siku nne umemmenyea viazi mzee usiyemjua," akasema. "Si kosa. Na huko Dehradun unakosomea, nani anakupikia?"

"Anti, afande."

"Kwa muda gani?"

"Miaka miwili kasoro miezi miwili."

"Huyo anti anaitwa nani?"

Hapo Trepan akautazama mkono wangu ulioshika mwiko. Kitunguu kikaanza kuungua, nikakiacha kiungue.

"Nilitafuta, Anti," akasema. "Haki ya Mungu nilitafuta. Nikakumbuka mkono wako, nikakumbuka bangili ya shaba, nikakumbuka unavyokohoa moshi ukizidi. Jina halipo. Nikamwambia, 'Anti, afande. Anaitwa Anti.' Akafunga faili. Akasema asante, unaweza kwenda."

Sitakudanganya, niliumia. Nilikuwa sijui kama bado naweza kuumizwa na vitoto hivi, na nikakasirika kwamba nimeumia.

"Sasa unataka nini?" nikamwuliza. "Umekuja kulia na mimi?"

"Nataka unambie jina lako."

"La nini? Mtihani si umeisha?"

"Umeisha."

"Basi! Ulipokuwa na homa ya matumbo nani alikukorogea uji wa ulezi siku tisa?"

"Wewe."

"Wewe nani?"

Akatazama ndala zangu.

"Kule Bhopal umesugua sufuria za watu wazima ukizipa na hotuba! Hapa kwangu hata kijiko chako hujawahi kukisogeza kikaribie maji. Sikuwa na viatu, siyo? Ningevaa viatu ungenimenyea viazi!"

"Ndiyo, Anti," akasema, na machozi yakamtoka. "Ningekumenyea."

Hilo jibu lilinikata ngebe. Nilitegemea akane. Nikazima jiko, nikamwambia jina langu, langu na la baba yangu na la kijiji. Akalirudia polepole. Mara ya mwisho kuitwa hivyo na mtu aliyesimama mbele yangu, mume wangu alikuwa hai.

Tulikuwa bado tumesimama hivyo, Subedar akatokea mlangoni. Alikuwa amechoka kupiga simu, akaja. Alivaa sweta la nyumbani. Alimtazama mwanawe mara moja akajua.

"Wamekuacha kwa nini?" akauliza. "Mbio?"

"Siyo mbio, baba."

"Hesabu?"

"Waliniuliza jina la mpishi wetu. Sikulijua."

Niliogopa atampiga. Mzee akaketi kwenye kigoda changu cha kukatia mboga, akavua kofia.

"Jina la mpishi," akasema. Akatikisa kichwa. "Mimi nimewatumikia maafisa kumi na tisa. Nimewabebea mizigo, nimewachimbia mahandaki, mmoja nimembeba mgongoni barafuni. Waliojua jina langu bila kusoma kifuani walikuwa wawili. Na wote kumi na tisa walipita kwenye usaili huo huo!" Akacheka, kicheko kibaya, kisha kikakatika. "Kwa hiyo siku zote hizo nilikuwa nampigia saluti nani?"

Nilimpa chai, akainywa yote, akamwambia mwanawe aende akafunge sanduku.

Koti la medali limerudi kwenye kabati, naamini. Trepan aliingia jeshini baadaye kwa mlango wa askari wa kawaida, ule ambao hawaulizi lolote ila uzito na mbio. Sasa anapiga saluti yeye. Sikukuu ya taa hunipigia simu, ananitaja kwa jina langu kamili kabla hata ya kunisalimia, kama anatoa ripoti, kisha ananieleza wanavyomenyeshwa viazi kwa amri.

Na akademi? Wewe unadhani ilifungwa kwa aibu? Thubutu! Navtej alirudi kuchukua sanduku lake, akalisimulia darasa zima, hata lile swali la jina ambalo Trepan alimweleza kabla hawajaachana Bhopal, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kanali hakucheka. Kanali aliandika. Picha ya Navtej ikabandikwa juu ya ile ya Trepan, koti lile lile, doa lile lile, na Jumatatu iliyofuata kila kijana akapewa karatasi mpya ya maswali yanayotarajiwa. La mia mbili na kumi na mbili lilisema: Jina la mpishi wako. Mbele yake kuna nukta nukta za kujazia.

Adhuhuri hiyo nikatazama mlangoni nikaona foleni. Arobaini na mmoja, daftari mkononi, wamejipanga kwa urefu, mrefu mbele.

"Anti," akasema wa kwanza, "jina lako tafadhali, na herufi zake. Haraka kidogo, tuna kipindi."

Nikafuta mikono. Huyo nilimwambia naitwa Bimla. Wa pili nikamwambia Shakuntala. Wa tatu Rukmini, wa nne Parvati mtoto wa Himalaya, na yule wa mwisho, nilipokuwa nimeishiwa, nikampa jina la ng'ombe wetu wa zamani. Wote waliandika, wakasema asante kwa Kiingereza, wakaondoka bila kuinua macho kwenye daftari. Waende Bhopal wakanitaje. Jina langu la kweli humu ndani alilijua mtu mmoja tu, naye walimrudisha kwao kwamba hafai kuwa afisa.